Kiti cha Wa Kwanza

Kazi ya mpiga fidla wa okestra ni kutosikika peke yake. Katika okestra kubwa kuna wapiga fidla wa kwanza kama 16 na wa pili kama 14, wanakaa wawili wawili, kila wawili na stendi moja ya noti. Pinde zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ukurasa ukiisha, aliyekaa upande wa ndani anaufungua huku mwenzake akiendelea kupiga, ili sauti isikatike. Ukisikia fidla moja imejitokeza mahali haikuandikiwa kujitokeza, jua kuna mtu ameteleza.

Haya yote nimeyajua kwa simu, usiku, bando zikiwa za bei nafuu. Naishi kwa kuandikia watu: matangazo ya ploti, wasifu wa wagombea, hotuba za harusi ambazo mwenye kuzisoma hupigiwa makofi. Nikiandika napenda muziki usio na maneno. Ndivyo nilivyokutana na Sanford Allen.

Allen alizaliwa New York mwaka 1939. Alipofika miaka 10 alikuwa tayari anafunzwa fidla Juilliard. Mwaka 1962, akiwa na miaka 23, akapata kiti cha kudumu katika New York Philharmonic, enzi za kondakta Leonard Bernstein. Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1842. Piga hesabu mwenyewe: miaka 120, na yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa humo kwa kudumu.

Sasa fikiria hiyo kazi. Unalipwa upotee ndani ya wenzako, na bado kila jicho ukumbini linakuona wewe kwanza.

Mwaka 1969 wanamuziki wengine wawili weusi, Arthur Davis wa besi na Earl Madison wa cello, waliishtaki okestra hiyohiyo mbele ya tume ya haki za binadamu ya jiji. Mwaka uliofuata tume ikaamua kwamba ubaguzi haukuthibitishwa katika kuajiri wanamuziki wa kudumu, ila ulikuwepo katika kuita wale wa kushikia wenzao nafasi kwa muda. Hao walikuwa wanaitwa kwa kujuana. Sisi hapa hatuhitaji mtu atueleze maana ya kujuana. Miaka hiyo ya 1970 okestra nyingi za Marekani zilianza kuweka pazia wakati wa usaili, ili wasikilize fidla bila kumwona anayeipiga.

Pazia husaidia mlangoni tu. Ukishaketi, unaonekana. Na ukiwa mmoja, ni rahisi watu kukunyoshea kidole: si huyu hapa, kwani mnataka nini tena?

Mwaka 1977 Allen aliacha kazi. Baada ya miaka 15 alikuwa bado peke yake. Alieleza kwamba amechoka kuwa ishara. Miaka miwili baadaye ndipo okestra ikamwajiri mweusi mwingine, Jerome Ashby, naye hakuwa mpiga fidla bali mpuliza baragumu.

Niliposoma hayo niliweka simu chini kidogo.

Kwetu mimi ndiye wa kwanza kuingia chuo kikuu. Ilifanywa harambee, watu wakauza kuku, na mjomba akasimama mbele ya hema akasema, "Mama, wewe ndiwe taa yetu. Usituzimikie." Watu wakacheka, wakachanga. Mwaka wa tatu karo ikakatika, na nusu yake ilipopatikana, sikurudi. Nilikuwa nimeanza kulipwa kwa kuandika, na hiyo ndiyo kazi niliyoitaka. Lakini hakuna aliyeniuliza nitakula nini. Swali lilikuwa moja tu: "Na hawa wadogo sasa watamtazama nani?"

Sijilinganishi na Allen. Yeye alikuwa amefika, mimi hata joho la kuhitimu sijalivaa. Ila nauelewa ule uchovu. Wa kwanza ana kazi mbili. Ya kwanza ni ile aliyoajiriwa, ya pili ni kuwathibitishia watu kila siku kwamba jamaa zake wote wanaiweza. Hiyo ya pili haina mshahara wala likizo, na ukiiacha unaitwa msaliti wa watu ambao hata hawajazaliwa.

Kwa hiyo nilifurahi kujua kwamba fidla yenyewe hakuiacha. Iko rekodi yake ya miaka ya 1970, koncheto ya Roque Cordero wa Panama, Detroit Symphony ikipiga chini ya Paul Freeman. Katika koncheto mpiga fidla anasimama mbele peke yake, na okestra nzima inamfuata. Angalau hapo, kuonekana peke yake na kusikika peke yake vilikuwa kitu kimoja.

Binamu yangu anaingia chuo mwaka huu. Juzi tukiwa kwa shangazi, hotuba ya taa ikaanza tena, sasa akihutubiwa yeye. Akainamisha kichwa vile mimi nilivyoinamisha changu.

"Shangazi," nikasema, "mwache asome tu."

Shangazi aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa maji.