Siku 312 peke yake juu ya bahari

Mwezi huu twende mbali kidogo, mpaka Falmouth, mji wa bandari katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Cornwall ni nchi ya migodi kama kwetu: kwa miaka mingi wababa wa kule walishuka chini ya udongo kutafuta shaba na kasiteriti. Lakini Falmouth yenyewe inatazama bahari, na ni bahari iliyoipa sifa.

Tarehe 14 Juni 1968, Robin Knox-Johnston, kijana wa miaka 29, alitoka kwenye bandari hiyo peke yake. Mashua yake ya matanga, Suhaili, ilitengenezwa Bombay kwa mbao ngumu, na urefu wake haukutimia metre kumi. Gazeti Sunday Times lilitangaza mashindano: kuzunguka dunia yote, mtu mmoja, bila kukanyaga nchi kavu, bila kupokea msaada. Watu tisa waliondoka, lakini si wote siku moja wala bandari moja.

Safari ilikuwa mateso. Mashua ikavuja, akajitupa ndani ya bahari kuziba nyufa kwa mikono yake. Maji ya kunywa yakaharibika, akakinga ya mvua. Redio ikakufa. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyejua kama yeye ni mzima, mpaka Aprili 1969, meli moja ilipomwona karibu na visiwa vya Azores.

Tarehe 22 Aprili, kisha siku 312, akaingia tena Falmouth. Watu wa duane wakamuuliza kama kawaida yao: unatoka wapi? Akajibu: Falmouth.

Kati ya wale tisa, njo yeye peke yake aliyemaliza. Bernard Moitessier wa Ufaransa aliacha mashindano akaendelea mpaka Tahiti. Lakini habari ya Donald Crowhurst inaumiza roho. Baba huyu wa watoto wanne aliweka nyumba yake rehani. Mashua yake haikuweza bahari kali ya kusini, naye akaogopa kurudi na haya. Basi akabaki Atlantiki, akatuma kwa redio habari za uongo juu ya fasi alipofika. Tarehe 10 Julai 1969 mashua ilikutwa tupu, bila mtu. Daftari zake za safari zikafunua yote.

Knox-Johnston alikuwa ameshinda paundi 5.000. Hakuzitia mfukoni. Alizitoa zote kwa ajili ya mjane na watoto wa Crowhurst.

Mwaka 1995 alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka 2007, akiwa na miaka 68, alimaliza kuzunguka dunia peke yake mara ya pili. Ndiyo, watu wanamsifu kwa nguvu zake. Lakini wengi wanamheshimu zaidi kwa zile paundi.

Vijana, kushindwa si kufa. Wanaume wengine wa mashindano yale walirudi bila kumaliza, wakaishi. Na sisi wazazi tujiulize: mtoto wetu akikosa mtihani, akipoteza kazi ao franga, anaweza kurudi nyumbani na kusema kweli bila kuogopa? Kila nyumba iwe bandari kwa yule aliyeshindwa pia.