Ritifaa iliyomnyima mama maji

Najua nimewatupa. Nilikuwa nyumbani Mabogini, na huko nimeboronga. Acha niwasimulie.

Kwetu mpunga ni maji, na maji ni zamu. Mifereji ya mradi wa Lower Moshi ilijengwa miaka ya 1980 kwa fedha za Japani, lakini maji hayatutoshi wote kwa pamoja. Zamu ikikupita, jaruba linapasuka.

Majirani waliniomba niwachapie orodha ya zamu. Nikachapa majina, na mdogo wangu anayesomea kompyuta akayabandika ndani ya kiprogramu chake cha C kinachopanga siku. Tukatundika karatasi, tukajiona wajanja.

Siku ya tatu, alfajiri, mama jirani akabisha hodi. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hivi mimi nimeshakufa?"

Jina lake halikuwemo. Zamu yake ilikuwa imepita usiku ule.

Ukoo wake unaanza na Ng’. Nilipochapa, kompyuta yangu iliigeuza ritifaa ya kawaida ikawa ile iliyopinda. Dogo naye aliyaweka majina kama herufi pana, wchar_t, ambazo kila moja hupewa chumba cha ukubwa uleule. Kwenye Linux ni baiti 4. Ili kuyaandika kwenye faili, wcstombs huyageuza kuwa baiti za kawaida. Shida ni kwamba programu ya C huanza na mpangilio wa lugha uitwao "C", usioijua ritifaa iliyopinda. Hapo wcstombs hukwama na kurudisha -1. Dogo alikuwa ameandika: ukiona -1, ruka. Ikaruka, kimya kimya.

Tukaweka setlocale(LC_ALL, "") mwanzoni, programu ifuate mpangilio wa mashine, yaani UTF-8. Jina likatokea, ila limekatwa mkia! Kumbe alitenga nafasi kwa kuhesabu herufi. Chukua Ng’ombe: alama 7 ukihesabu na ritifaa, lakini baiti 9, kwa sababu ritifaa ile peke yake inakula 3. Ongeza sifuri ya kufungia, zinakuwa 10. Dawa ni kuuliza kwanza: wcstombs(NULL, jina, 0) inakutajia baiti zinazohitajika, unaongeza 1, ndipo unatenga. Na ukipata -1, usiruke. Simamisha kazi, utaje ni nani amekwama.

Dogo nimemsamehe. Mimi je? Kazini kwetu jina la mtu halikosewi, na kila siku nawakumbusha wenzangu. Orodha ya majirani zangu niliitundika bila hata kuisoma upya.

Jioni ile tulimpa mama zamu yetu. Nilisimama naye kwenye tuta, maji yakiingia kwenye jaruba lake, la kwetu likingoja. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimwonyeshe karatasi mpya, akaweka kidole juu ya jina lake, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.