Benchi la Mlango wa Mwisho

Sikio langu la kushoto halina ncha ya juu. Mteja mgeni akiniletea baiskeli hulitazama, akageuza macho haraka, na najua anawaza nini, maana habari za watu wenye ualbino kukatwa viungo zimesikika nchi nzima. Basi humwondoa hofu mapema: sikio hili limekatwa na daktari wa upasuaji, kwa ganzi, nikimsikia akibishana na muuguzi juu ya bei ya mchele. Lilikuwa na saratani.

Mimi ni fundi baiskeli Hedaru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Anayeijua tambarare ya Same anajua jua lake. Mvua huishia juu milimani Upare. Sisi huku chini tunaachiwa mkonge na vumbi. Nimefanya kazi hiyo tangu ujanani, chini ya mgunga ambao kivuli chake huhama kila saa, na fundi hawezi kuhama nacho akiwa ameshika rimu.

Kofia nilivaa. Watu hupenda kusema albino fulani aliugua kwa sababu hakujikinga. Mimi nilikuwa na kepu za kutosha, za kila chama, zile zinazogawiwa wakati wa kampeni. Ila kepu hufunika paji la uso na pua. Masikio na kisogo inaviacha nje. Siku hizi nikiwa kliniki, kabla sijaambiwa, naweza kukisia mwanamume aliyezoea kepu: makovu yake yako masikioni na shingoni. Kinachofaa ni pama yenye ukingo mpana pande zote, hata kama vijana watakuita mzee wa ng'ombe.

Mjomba wangu naye alikuwa na ualbino. Alifariki akiwa na kidonda shingoni ambacho mwishoni kilimtenga na watu kwa harufu. Msibani ikasemwa ualbino wake umemmaliza, na sisi watoto tukalipokea hivyo: kwamba mtu wa aina yetu ana muda wake, vidonda vikianza ujue umefika. Kwa hiyo gamba lilipotokea sikioni sikushtuka hata kidogo. Lilikuwa dogo, kavu, ukilibandua linatoa damu kidogo, kisha linarudi. Niliuziwa mafuta ya fangasi kwenye duka la dawa. Baadaye kituo kimoja cha afya kikanipa vidonge vya kuua vijidudu na dawa ya zambarau ya kupaka. Kila dawa ilisaidia kwa siku chache, au nilidhani imesaidia.

Wakati huo wote mtaalamu wa ngozi alikuwapo katika hospitali ya wilaya, nami nilikuwa nimeshapita mbele ya mlango wake mara nyingi nikienda kuona wagonjwa wa ukoo. Kibao kipo juu ya mlango. Lakini macho yetu sisi wenye ualbino ni dhaifu kwa kuzaliwa. Maandishi ya mbali kwangu ni ukungu tu. Na hata wanaoona vizuri hulikwepa benchi lile, lililoko mlango wa mwisho wa korido, kwa sababu anayetibu ngozi ndiye huyohuyo anayetibu magonjwa ya zinaa. Ukikaa pale mchana, jioni kijiji kizima kimeshakujadili.

Nilifikishwa na shemeji yangu, aliyekuwa akifanya usafi hospitalini hapo. Nilitarajia kumkuta daktari bingwa kutoka mjini. Nikamkuta afisa tabibu, mama wa makamo, aliyesomea ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mwaka 1992 pale KCMC kilianzishwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ajili ya ukanda wetu, kwa kuwa madaktari bingwa wa ngozi walikuwa wa kuhesabika. Waanzilishi wake wakaamua kuwachukua maafisa tabibu na wauguzi wenye uzoefu, kuwafundisha kwa miaka 2, kisha kuwarudisha makwao, wilayani. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa maana kuliko majengo mengi niliyoyaona yakizinduliwa kwa utepe.

Aliwasha tochi, akavaa miwani.

"Hiki kina muda gani, kaka?"

"Tangu kabla ya Krismasi, dokta. Kinapona, kinarudi."

"Basi hakijawahi kupona. Kidonda kinachopita mwezi bila kufunga si cha duka la dawa."

Akanivua shati. Alinikagua kisogo, mgongo wa mikono, mdomo wa chini, kisha akanibonyeza taratibu chini ya taya na shingoni, akitafuta tezi zilizovimba. Huku akibonyeza alinieleza, na hapo ndipo mambo ya mjomba yalipogeuka kichwani mwangu. Ualbino hauui, alisema. Ngozi yetu haina rangi ya kutosha ya kuzuia mionzi ya jua, basi mionzi inaharibu seli mwaka baada ya mwaka, hata siku za mawingu. Kwanza huja magamba makavu kama lile la kwangu la mwanzo. Magamba hayo bado si saratani, na mengi huondolewa kwa dakika chache. Yakiachwa, baadhi hugeuka. Saratani inayotupata wengi wetu huanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu la ngozi; hukua palepale kwa muda kabla ya kusafiri kwenye tezi. Muda huo ndio alioukosa mjomba wangu. Alikufa kwa ugonjwa ambao ulikuwa na mwanzo unaoonekana kwa macho, sikioni au shingoni, mahali ambapo mtu yeyote wa nyumbani angeweza kuutazama.

Akanipa rufaa ya KCMC. Walichukua kinyama kikapimwa, majibu yakaja na jina lake, nikakatwa. Sikio ni mahali pabaya, waliniambia, saratani ya hapo hupenda kukimbilia shingoni, kwa hiyo walikata hadi kwenye nyama nzima pembezoni na kupima tena kingo. Zilikuwa safi. Zisingekuwa safi, au tezi zingekuwa zimeingiliwa, safari ingeendelea hadi kwenye tiba ya mionzi, Ocean Road kule Dar es Salaam au Bugando, Mwanza.

Magamba ya mikononi yalipigwa naitrojeni ya kimiminika. Inauma kama pilipili, kisha inatoa lengelenge, kisha ngozi mpya. Na sasa napaka Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapohapo Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, tunayogawiwa bure kwenye kliniki. Nayapaka kabla ya kutoka, na narudia mchana, ingawa grisi ya mnyororo huchanganyika nayo nikafanana na mpaka rangi. Kibanda nimekiezeka bati na kukifunga turubai upande wa magharibi. Kazi za kunyoosha rimu, zinazotaka mwanga, nazifanya kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Jirani yangu mmoja, mzee, mweusi kabisa, ana kovu la moto kwenye muundi tangu utotoni. Miaka ya karibuni limefumuka katikati, kingo zimeinuka na kuwa ngumu. Nilipomwambia twende akacheka: saratani ya ngozi ni yenu ninyi weupe. Nikamweleza nilivyofundishwa, kwamba rangi nyeusi inakinga jua, lakini kovu la zamani la moto linaweza kugeuka kwa mtu yeyote, na kwamba watu weusi hupata pia ile aina kali ya doa jeusi kwenye unyayo au chini ya ukucha, mahali jua lisipofika. Bob Marley aliuawa na hiyo mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Hilo la Bob Marley ndilo lililomgusa.

Alikubali kwa sharti kwamba tukae wote wawili kwenye benchi la mlango wa mwisho, na mimi nikae upande wa nje, wapitao waanze kunijadili mimi. Kinyama chake kimeshachukuliwa. Majibu tumeambiwa tuyafuate Alhamisi.