Kioo Kikipasuka, Usiiguse Bodi Kwa Hasira

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani, tuongelee kioo cha laptopu. Najua kuna watakaosema, "Kha! Hiyo nayo ni umbea?" Subirini kwanza. Huku kwetu Rwamgasa kioo kimoja cha laptopu kilitaka kumfukuzisha kazi binti wa watu, tena na jina la wizi juu. Kilichomwokoa si wakili wala mchungaji, ni ganda la plastiki ambalo halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Majina sitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kwa wasiopajua, Rwamgasa (wengine huandika Lwamgasa) ni kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita. Hapa mtu anaamka na mlio wa karasha, analala na mlio wa karasha. Karasha zinasaga mawe, vumbi linaingia kwenye chai, kwenye kitanda na kwenye feni ya kompyuta. Mimi nina steshenari karibu na soko. Natoa kopi, nachapa mikataba, napiga picha za pasipoti. Na kwa kuwa vumbi linaua vifaa kila siku, nimejifunza kufungua laptopu na kuzirudisha zikiwa nzima.

Sasa huyu binti ni karani wa duara. Kwenye duara watu wengi hawalipwi mshahara wa mwezi. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko: kuna fungu la mwenye leseni, la mwenye shamba, la mwenye duara, na la vijana walioshuka chini. Kwa hiyo daftari la karani ndiyo roho za watu. Kaandika umeshuka zamu tano, unahesabiwa tano. Jina lisipoonekana, umekula vumbi la bure. Daftari la huyu binti lilikuwa ndani ya laptopu ya bosi wake.

Na bosi mwenyewe ni wale wa Harrier nyeusi, anajulikana kuanzia Katoro mpaka Nyarugusu. Nyumba kubwa iko Geita mjini, nyumba ndogo tunaijua lakini si mada ya leo.

Basi bwana, zimebaki siku nne mgao ufanyike, Jumatatu asubuhi laptopu inafunguliwa, kioo kimepasuka. Kijiji kikagawanyika mara mbili. Upande mmoja: karani kaivunja makusudi, kala mifuko ya watu na sasa anafuta ushahidi. Upande wa pili: bi mkubwa kaja toka mjini, kakuta picha asizozipenda, kaibamiza ukutani. Bosi naye, badala ya kutuliza watu, akasema karani atajibu. Binti akaja kwangu machozi yanamtoka, kaifunga laptopu kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Kitu cha kwanza nilichofanya sikushika bisibisi. Nilichukua waya wa HDMI nikaunga kwenye televisheni yangu ndogo, nikawasha. Picha hiyoo! Mafaili yote, majina yote, zamu zote. Wadau, likamateni hili: kioo hakihifadhi kitu. Kazi zako ziko kwenye hadidiski. Kioo kikipasuka usikubali mtu akwambie data zimekufa. Tukanakili daftari kwenye flashi mbili, moja akabaki nayo yeye, nyingine akapewa mzee mmoja anayewasimamia wachimbaji wa lile duara. Mzee wa Kisukuma, mtaratibu, ananiita "mayu" ingawa ananizidi miaka thelathini.

Mzee akaniuliza, "Sasa mayu, nani kaivunja?"

Hapo ndipo nikaanza kuikagua bodi, yaani ganda la nje. Laptopu iliyoanguka au kubamizwa huumia kona kwanza. Plastiki inachubuka, fremu inaachia, bawaba zinalegea. Hii kona zote nne zilikuwa safi. Mgongo wa mfuniko hauna hata alama ya kucha. Ila kwenye kioo, mipasuko yote ilianzia sehemu moja, karibu na chini, ikatawanyika kama utando wa buibui. Nikamwambia mzee, "Baba, hii haijabamizwa. Imefungwa juu ya kitu."

Akasema, "Basi usiivunje tena wewe. Hilo ganda ndilo shahidi wa huyu mtoto."

Wadau, lile neno lilinikaa. Maana naijua kazi ya mafundi wetu. Kuna fundi mmoja wa mjini, jina lake silitaji, aliwahi kumrudishia mteja wangu laptopu kioo kipya kinang'aa, lakini fremu ina meno ya bisibisi pembeni kama imeng'atwa na panya, na kona moja imegandishwa kwa gundi ya supa. Laptopu ya huyu binti ikirudi na alama kama zile, nani ataamini kwamba haikubamizwa? Bosi angesema moja kwa moja: hizi alama ni za ukutani.

Kioo tuliagiza Kariakoo, kikaja kwa basi. Kwenye kuagiza, usitaje jina la laptopu tu. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na vioo tofauti. Namba sahihi iko kwenye stika nyuma ya kioo chenyewe. Angalia pia ukubwa kwa inchi, kama 14 au 15.6, idadi ya pini za soketi, 30 au 40, na masikio ya skrubu yako wapi. Pini zisipolingana, pesa imeliwa na barabara. Ili nipate hiyo namba ilibidi nifungue mara ya kwanza, na nilifungua mbele ya binti na mzee, mlango wa steshenari wazi, yeyote anayetaka kuona aone.

Utaratibu wangu ni huu. Unazima kabisa, unachomoa chaja, unatoa betri. Kama betri iko ndani, unafungua mfuniko wa chini unachomoa soketi yake kwanza, maana umeme ukibaki kwenye waya wa kioo unaweza kuunguza mazabodi. Halafu unatafuta vifuniko vidogo vya mpira kwenye kona za fremu. Watu wengi hawavioni. Chini yake kuna skrubu. Ukiivuta fremu skrubu zikiwa bado zimekaa, lazima plastiki ipasuke, na hapo ndipo bodi nyingi zinapofia.

Skrubu zikitoka, bisibisi weka mbali. Fremu haifunguliwi kwa chuma. Imeshikwa na vishikizo vidogo vya plastiki kuzunguka pande zote, na chuma kikiingia pale kinaacha kovu lisilofutika. Tumia kucha, au kadi ya benki iliyokwisha muda. Unaingiza upande wa ndani, ule unaotazamana na kioo, siyo upande wa nje unaoonekana. Unasukuma taratibu, unasikia "tak", unahama kidogo, "tak" nyingine. Ukifika kwenye bawaba, fungua mfuniko kwa nyuma kadiri unavyokwenda ili fremu ipate nafasi. Kama imebandikwa kwa gundi, draya ya saluni kwa mbali inalainisha. Usiunguze tu.

Skrubu usizirundike kwenye kikombe. Mimi nachora laptopu kwenye karatasi, kila skrubu naibandika kwa selotepu pale ilipotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inatoboa bodi kwa nje. Nimeshaona laptopu ya mwalimu mmoja ina chunusi mgongoni kwa sababu hiyo.

Baada ya fremu, kioo kimeshikwa na skrubu chache pembeni. Zikitoka, unakilaza kifudifudi juu ya kibodi, umetandika kitambaa laini. Nyuma kuna waya mpana umebandikwa kwa tepu. Banduka tepu, toa soketi kwa kuifuata ilivyoingia, usiivute kwenda juu. Na kama laptopu ni ya zamani sana, ya kabla ya vioo vya LED, ndani ya kioo kuna taa nyembamba kama tyubu, ina zebaki kidogo. Huku kwetu zebaki hatuhitaji kufundishwa. Rwamgasa ilikuwa moja ya vijiji vya mradi wa UNIDO wa kupunguza zebaki kwenye uchimbaji mdogo, ulioanza 2002. Kwa hiyo tyubu hiyo usiivunje, wala usimwachie mtoto aichezee.

Sasa turudi kwa binti. Kile kioo kilichopasuka kilipokuwa kimelala kifudifudi juu ya kibodi, mzee akainama. Akaniambia, "Mayu, hebu kigeuze, kifunge kama kilivyokuwa." Nikakirudisha mahali pake, nikashusha mfuniko polepole. Ule mwanzo wa mpasuko ulikuja kuangukia kulia, karibu na pembe ya kibodi. Na pale juu ya plastiki kulikuwa na alama ndogo ya duara, imebonyea kidogo kabisa. Binti akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hapo ndipo bosi anawekaga iyafoni zake akiangalia mpira."

Nani alikuwa na laptopu Jumapili usiku? Bosi. Aliichukua mwenyewe kuangalia mechi, dereva akairudisha asubuhi. Watu wote walijua, ila hakuna aliyethubutu kulisema.

Kioo kipya kilipokuja, nilikiunga, nikarudisha betri, nikawasha kabla ya kufunga fremu. Hii msisahau: jaribu kwanza, funga baadaye. Kilipowaka nikazima tena, nikafunga skrubu bila kukaza kwa nguvu, nikabonyeza fremu kwa vidole pande zote hadi vishikizo vyote vikalia. Ukiitazama usingejua kama imewahi kuguswa. Kitambo tu.

Mgao ulifanyika Ijumaa. Daftari likasomwa, flashi ya mzee ikalinganishwa, hakuna jina lililopungua. Bosi alikuja kuichukua laptopu mwenyewe. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye kona, akitafuta alama. Hakuipata. Mzee akamwonyesha kile kioo cha zamani, akamwonyesha na ile alama ya duara, akasema maneno machache tu: "Bosi, ganda ni zima." Jamaa alinyamaza weee. Kisha akatoa laki na nusu ya kioo, na ya ufundi, akaondoka na Harrier yake. Pole kwa binti hakumpa, na mpaka leo hajampa.

Binti bado ni karani, lakini sasa kila Jumamosi ananakili daftari kwenye flashi ya mzee, na laptopu haitoki na mtu bila kusainiwa. Umbea wa bi mkubwa umeisha. Ule wa wizi kuna wachache bado wanaunong'ona, maana maneno hayana kioo cha kubadilisha.

Sasa niambieni wadau: mngekuwa nyie ndio huyo karani, mngeendelea kumfanyia kazi bosi asiyejua kusema pole? Au mngechukua fungu lenu mkaondoka? Semeni hapo chini, ila majina msitaje.