Mama Watoto Aiona Bahari

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia safari yetu ya kwenda pwani, mimi na mama watoto. Usidhani ninajisifu kwa kuwa nimesafiri. Katika safari hii limo kosa langu, na labda wewe nawe unalo kama hilo.

Sisi tu watu wa kijijini, karibu na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tunalima mahindi na karanga, tena tuna mizinga michache ya nyuki. Njia ya zamani ya misafara ilipita kwetu. Hapo Kwihara ndipo alipokaa Dakta Livingstone mwaka 1872, na tembe lake, lililojengwa upya, limekuwa nyumba ya makumbusho. Babu zetu walikuwa wapagazi. Walichukua meno ya tembo mabegani mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu, wakarudi na nguo na shanga. Wazee walituambia kwamba zamani kijana wa Kinyamwezi asiyefika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Basi mimi pwani nimefika mara tatu. Lakini mama watoto, ambaye tulifunga ndoa mwaka 1982, hakupata kufika hata Dodoma.

Mwaka jana mtoto wetu wa kwanza, ambaye ni mwalimu huko Bagamoyo, alitupigia simu akasema, “Baba, shule zitafungwa. Njoni wote wawili mpumzike.” Nikamjibu upesi, “Nitakuja. Mama yako atabaki kuangalia kuku.” Mama watoto alikuwa karibu yangu akipukuchua mahindi. Hakusema neno, ila usiku ule hakula chakula.

Kumbe mtoto alikuwa bado anasikiliza. Akasema, “Basi Baba, nitatuma nauli ya mama. Wewe baki na kuku.” Msomaji, nilikasirika sana! Siku mbili sikusema na mtu. Siku ya tatu nikamwomba jirani atutunzie kuku.

Tulipanda gari moshi Tabora, kwa reli ile ya kati iliyofika mjini petu mwaka 1912. Tulichukua michembe, karanga na chupa ya asali ya kumpelekea mtoto. Mama watoto alikaa dirishani, akawa akiniuliza jina la kila kituo. Tulipofika katika milima ya Kilosa alinishika mkono kwa furaha. Nami nikatazama huku na huku nione kama yupo mtu anayetufahamu.

Siku ya kwanza Bagamoyo tulikwenda ufukoni. Maji yalikuwa yamejaa, na wavuvi walikuwa wakishusha samaki kutoka katika mashua. Mama watoto alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akateka maji kwa kiganja akayaonja. “Kweli ni chumvi!” akasema. “Miaka yote nilidhani mnatudanganya.” Akacheka kama msichana. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimwona akicheka hivyo, nikashindwa.

Kesho yake mtoto alikodi gari pamoja na walimu wenzake, wakatupeleka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nayo ndiyo peke yake katika nchi yetu ambayo msitu wake na wanyama wake wanafika mpaka Bahari ya Hindi. Tuliona twiga, kongoni, ngiri na nyati. Katika mto Wami tuliingia chomboni, tukaona viboko wamejaa majini, mamba wameota jua ukingoni, na mbega wakirukaruka mitini. Karibu na bahari mto unapita katikati ya mikoko.

Ninyi wakulima mnajua: kwetu tembo ni adui. Akija shambani tunapiga madebe usiku kucha. Siku ile tuliwaona tembo watatu wakila majani kwa utulivu, na mtoto wao katikati. Mama watoto akanong'ona, “Tazama jinsi wanavyomtunza.” Nami nikamtazama tembo kwa mara ya kwanza bila kufikiri mahindi yangu.

Askari wa hifadhi alitueleza pia habari za kasa. Jike hutoka baharini usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai mengi, huyafukia, kisha hurudi majini. Watoto wakianguliwa hujitafutia njia wenyewe. Mama watoto akasema, “Huyo afadhali. Akimaliza, huenda zake kuogelea.” Wote wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Siku ya mwisho tulikwenda misioni, iliyofunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Hapo palikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Na hapo ndipo ulipoletwa mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliuchukua tangu kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, wakapitia kwetu Unyanyembe.

Kijana aliyetuongoza akaongeza kwamba katika misafara hawakuwamo wanaume tu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, nao walichukua vyungu na chakula, na watoto mgongoni. Hata katika msafara wa Livingstone mpishi alikuwa mwanamke, jina lake Halima.

Mama watoto akanigeukia, akasema polepole, “Baba, kumbe babu zako walikuja na wake zao, tena kwa miguu. Wewe una gari moshi.”

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Nilimwona kichwani mwangu na ndoo ya maji, na kuni, na mtoto mgongoni, nami nimetangulia mbele mikono mitupu. Mpagazi wa zamani alipofika Bagamoyo aliutua mzigo wake, akapumzika. Wa kwangu nilikuwa sijamtua hata siku moja. Jioni ile nilimwomba radhi. Akajibu, “Nimesikia.” Akanimegea samaki.

Tangu tuliporudi, maji nachota mimi kwa baisikeli. Majirani walicheka mwezi mmoja, wakachoka. Mama watoto ana chupa ya maji ya bahari, nayo huwaonjesha wajukuu.

Wazee wenzangu, kama huna nauli ya Bagamoyo, mpeleke mkeo hata mjini siku ya sikukuu, mkanywe chai pamoja. Wala usimwambie abaki na kuku. Kuku wetu, tuliporudi, tuliwakuta wote wazima.