Reli Iliyotupita Kando

Angalia ramani ya reli za Kenya pale karibu na mlima. Kuna mstari unaotoka Nairobi, unapita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina na Naro Moru, halafu unakatika Nanyuki. Huku kwetu mashariki, kutoka Embu mpaka Meru, hakuna kitu. Kwetu Embu, ukisema "stesheni" watu wanajua ni Sagana, kama kilomita 40 hivi. Watu wa Timau wao husema Nanyuki.

Kwani mlima una upande mmoja? Reli ilifika Thika mwaka 1913, kisha ikapanda kaskazini ikifuata mashamba ya walowezi. Embu na Meru zilikuwa riziva za Waafrika, na hazikujengewa reli. Kinachonichekesha ni kwamba miaka ya 1930, serikali ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wachache kupanda kahawa, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Kisii. Kahawa ikaja, treni ilikuwa imeshapita kwingine. Mpaka leo magunia yanapanda lori.

Nilifika Sagana 2016, treni zikiwa zimeacha kupita kitambo. Nyasi ilikuwa imemeza reli. Hata hivyo ungeweza kusoma mpangilio wa zamani, maana stesheni za njia hii zinafanana. Njia ni moja, kwa hivyo pale stesheni inagawanyika mara mbili ili treni zipishane. Ghala la mizigo lina sakafu iliyoinuliwa, lori likirudi nyuma linalingana nayo, gunia linasukumwa tu. Tangi la maji lilikuwa la kunywesha injini za mvuke. Stesheni masta alikaa karibu, kwa nyumba yenye veranda; vibarua walikaa nyuma, kwenye landhi, chumba kimoja kimoja kama viberiti. Hata bila kibao chochote ungejua nani alikuwa nani.

Guka wangu alikuwa akitembea kutoka kijijini mpaka hapo, siku nzima na zaidi, apande daraja la tatu kwenda kutafuta kazi Nairobi, kipande kikining'inia shingoni. Mama anasema hizo safari guka alizisimulia kwa raha: ndizi za kuuzwa dirishani, nyimbo, kulala umekaa.

Ile nyingine hakuisimulia. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza waliizingira Nairobi, katika Operesheni Anvil, wakikamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kwenye karatasi za serikali makabila hayo matatu yaliandikwa pamoja, kama jina la mtu mmoja. Guka alikuwa mmoja wa waliopelekwa Manyani, kwenye reli ya Mombasa. Hiyo ndiyo safari yake ndefu zaidi ya treni, na hakukata tiketi. Aliporudi alipanda basi maisha yake yote, hata zile barabara za matope za kwenda Chuka.

Mwishoni mwa 2020 njia ya Nanyuki ilifufuliwa, abiria wakarudi. Nyasi zikafyekwa, kuta zikapakwa rangi. Nilimpigia Mama nikamwambia twende wote, hata kama ni Sagana mpaka Nanyuki tu, tuuone mlima kwa ule upande.

"Wewe enda," akasema. "Mimi nitakuja na matatu."