Amri ya Nane Ndani ya Ukoo

Katika darasa la kipaimara tulikariri amri ya sita kabla ya kuielewa, na amri ya nane tulidhani ni ya watu wanaokwenda mahakamani. Hatukujua kwamba siku moja amri zote mbili zingekaa nyumbani kwetu, tena katika faili moja.

Tumezaliwa sita katika kihamba kimoja kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kaka ni wa kwanza. Sisi ni watano tuliomfuata, na mmoja wetu, anayeandika haya, ni mchungaji. Kaka alifunga ndoa kanisani. Shemeji yetu, ambaye dada zetu humwita wifi, akawa wa kwetu kabisa. Yeye ndiye aliyemuuguza baba mpaka siku ya mwisho. Baada ya miaka 19 na watoto wanne, kaka, ambaye kazi yake ilikuwa Dar es Salaam, alipeleka mahakamani ombi la talaka. Alidai kwamba mke wake ni mkorofi, kwamba amemtelekeza, na kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hakutaja kwamba kwa miaka minne alikuwa akiishi na mwanamke mwingine na amezaa naye mtoto. Sisi tulijua. Tulikuwa tumekwenda mara tatu kumsihi, na mara ya tatu mtoto yule ndiye aliyetukimbilia mlangoni.

Shemeji aliamua kupinga talaka hiyo, akaja kutuuliza kama tungesema tuliyoyaona.

Ushauri aliokuwa ameupata usharikani ulikuwa wa aina mbili. Wako waliomwambia: “Mwache aende, Mkristo hashindani mahakamani.” Wako waliomwambia: “Mkatalie, mkomeshe, naye asipate raha.” Wa kwanza waliuita woga kwa jina la unyenyekevu. Wa pili waliiita chuki kwa jina la haki. Sisi tuliketi naye jioni nzima, mama akiwepo, tukamwuliza maswali matatu. Je, kaka akirudi leo na kutubu, utampokea? Je, unataka apone au unataka aumie? Je, wewe na watoto mko salama kwake? Swali la tatu tuliliuliza kwa dhati, kwa sababu mke anayepigwa au kutishiwa hatumwambii apiganie ndoa. Tunamwambia kwanza akimbilie mahali pa usalama, na kanisa limfungulie mlango.

Shemeji hakujibu upesi. Alirudi baada ya wiki moja akasema: “Sikatai aondoke. Siwezi kumfunga kamba. Nakataa kuandikwa kwamba mimi ndiye niliyevunja.”

Hapo ndipo tulipoona kwamba kesi ile, ambayo kila mtu aliiona ni ya amri ya sita, kwetu sisi ilikuwa ya amri ya nane.

Wapo watakaouliza: Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hafundishi kwamba amri ya nane inatutaka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na kuyatafsiri mambo yake yote kwa wema? Je, kaka si jirani yetu wa kwanza? Swali hilo lilitunyima usingizi. Baba mdogo alilileta kwa namna yake: mambo ya ukoo yanamalizwa chini ya mgomba, hayapelekwi kwa hakimu. Naye kaka alitupigia simu mmoja mmoja akituuliza, “Ninyi ni ndugu wa nani?”

Jibu tulilolipata katika maombi na katika kusoma Neno ni hili. Kufunika kosa la ndugu ni upendo. Kulichukua kosa hilo na kumtwika mtu mwingine ni uongo. Kwa miaka minne tulilifunika: hatukumsema kaka sokoni wala kwenye jumuiya, tulikwenda kwake mlangoni kama Bwana anavyoagiza katika Mathayo 18. Lakini ombi lake la talaka halikuomba tumfunike. Lilitaka tunyamaze wakati dhambi yake inaandikwa jina la mke wake, na watoto wanne wakue wakijua kwamba mama yao ndiye aliyewavunjia nyumba. Ukimya wetu ungekuwa ushahidi wa uongo usio na sauti.

Tulipomweleza mama, alisema: “Sikuzaa mahakimu. Lakini mkiulizwa, semeni mlichokiona, na msiongeze.”

Sheria ya nchi nayo ilitushangaza. Wengi hudhani kwamba anayeomba talaka huipata tu akisubiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiko hivyo. Kwanza inawataka wanandoa wapite katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na ombi la talaka huambatana na hati ya baraza isiyozidi miezi sita. Kisha kifungu cha 107 kinaiagiza mahakama, isipokuwa kwa sababu maalumu, ikatae kutoa talaka pale ombi linapojengwa juu ya kosa la mwombaji mwenyewe peke yake. Uzinzi unaweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini mwenye haki ya kuulalamikia ni yule aliyetendewa. Shemeji angeweza kuomba talaka kwa sababu hiyo. Kaka hakuweza kuichoma nyumba kisha akaleta majivu kuwa ndiyo madai yake.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuionea mahakama haya. Luther alifundisha kwamba ndoa ni jambo la maisha ya dunia hii pia, na kwamba wenye mamlaka wana kazi yao waliyopewa na Mungu. Hakimu anayetafuta ukweli kuhusu ndoa anafanya kazi ya Mungu, hata kama hajavaa joho la kanisani.

Siku ya ushahidi tulikwenda watatu. Hatukumtukana kaka. Tulisema miaka, tulisema nyumba, tulisema mara tatu tulizokwenda. Tulipoulizwa kuhusu shemeji, tulisema nani alimuuguza baba na nani alipeleka watoto shule. Kaka hakututazama. Hakimu alipotoa uamuzi, alikataa ombi, kwa kuwa madai dhidi ya mke hayakuthibitika na kilichobaki kilikuwa kosa la mwombaji.

Hatukushangilia. Tulipanda basi pamoja na shemeji tukarudi nyumbani kimya, kwa sababu hukumu ile haikumrudisha mume mezani. Mahakama inaweza kukataa kuvunja ndoa, haiwezi kuiponya. Kaka bado anaishi kule. Cheti kiko kabatini, kitanda kina upande mtupu. Tumemwambia shemeji wazi kwamba Mathayo 19 na 1 Wakorintho 7 havimfanyi mfungwa: siku akiona kwamba hawezi tena kuendelea, yeye aliyekosewa anaweza kuomba talaka, nasi hatutamhukumu. Hajafanya hivyo. Uamuzi ni wake mbele za Mungu.

Na mtoto yule wa kule Dar es Salaam? Ni mtoto wetu pia. Hakuchagua mlango aliozaliwa ndani yake. Tunampelekea nguo za Krismasi, naye shemeji mwaka jana aliongeza jozi ya viatu bila kuombwa. Kwetu, viatu vile vilisema zaidi ya hukumu. Mtu aliyepinga talaka kwa chuki asingenunua viatu.

Tunakuomba wewe msomaji, ukipata wito wa mahakama katika jambo kama hili, usiuweke chini ya godoro ukidhani ni imani kukaa kimya. Usipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Chukua cheti chako cha ndoa, mwone mchungaji, tafuta msaada wa kisheria, nenda. Lakini kabla hujaenda, jiulize maswali yale matatu, ujibu ukiwa peke yako na Mungu. Nanyi ndugu wa mume au wa mke, mkiitwa kushuhudia, msiulize kwanza nani ni wa damu yenu. Ulizeni nini ni kweli.

Desturi yetu Wachagga, aliyekosa anayetaka kusamehewa huleta jani la isale. Masale yapo mpakani mwa kihamba, alipoyapanda babu. Kaka anapajua mahali hapo. Kila Jumapili tunamtaja kwa jina katika maombi, na mara mbili kwa mwaka wawili kati yetu huenda kumsalimia. Mlango haujafungwa. Mungu wa rehema, aliyemwagiza Hosea ampende tena mke aliyezini, ampe kaka yetu moyo wa kurudi, na atupe sisi moyo wa kumpokea bila kusema uongo.